Jinsi ya Kukopa Digrii ya Uhandisi Mitambo Ukitokea Kilimatinde

Matokeo ya kidato cha sita hutoka mwezi wa saba. Wakati huo Kilimatinde alizeti imeshavunwa, upepo wa ukingo wa Bonde la Ufa unapeperusha vumbi, na wajomba wana muda wa kukaa vikao. Mtoto wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) aliyepata daraja la kwanza hana pa kujificha. Kila anayekuja kumpongeza anaacha ushauri mlangoni, na ushauri wenyewe ni mmoja: soma uinjinia. Akiuliza uinjinia gani, anajibiwa, "Wowote mwanangu, mainjinia wana hela."

Mwongozo huu ni wa huyo mtoto, ambaye ameshajaza uhandisi mitambo kwenye maombi ya chuo. Ni wa mama yake pia, anayewatazama mbuzi zizini kwa jicho la kuwaaga. Na ni wa wajomba, ambao kwa heshima zote wanaombwa wasome mpaka mwisho kabla hawajatoa neno.

Kwanza, lihesabu deni

Kaa chini na daftari. Simu ikusaidie kuzidisha na kugawanya, lakini namba ziandikwe kwa kalamu, maana utazirudia mara nyingi na wa kuzibishia hatakosekana.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Kwa miaka mingi uhandisi umekuwa kwenye kozi za kipaumbele katika mwongozo wake, kwa hiyo kijana wa kaya ya kipato cha chini ana nafasi nzuri, ilimradi cheti chake cha kuzaliwa kimehakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na fomu haina kipengele kilichorukwa. Kukosa mkopo kwa sababu ya umaskini usiothibitishwa kwenye karatasi ni msiba unaoepukika. Uepuke.

Sasa andika. Tuseme ada ya chuo chako ni shilingi 1,300,000 kwa mwaka. Vyuo vinatofautiana, weka ya kwako. Fedha ya chakula na malazi, ambayo vyuoni kote inaitwa bumu, ni 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23. Kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Bumu huingia kwa mafungu ya siku 60, yaani 600,000 kila fungu. Mafungu manne yanafanya 2,400,000. Vitabu na viandikio, 200,000. Jumla ya mwaka ni 3,900,000. Uhandisi ni miaka minne, kwa hiyo 15,600,000. Ongeza mafunzo kwa vitendo, tuseme wiki nane mara tatu kwa 10,000 kwa siku: 1,680,000. Umefika 17,280,000. Bodi inatoza asilimia 1 ya uendeshaji, mara moja tu. Piga mstari chini: 17,452,800.

Hapo mjomba mmoja atashika kichwa. Mwache akishike, kisha mpe maji. Hiyo ni hesabu ya aliyepewa mkopo kwa asilimia 100, na si wote wanaopewa hivyo. Lakini anayepewa asilimia 60 asishangilie mapema, kwa sababu asilimia 40 iliyobaki italipwa na mtu, na mtu huyo ana mbuzi.

Pili, ligeuze deni kuwa miezi

Milioni 17 ni namba ya kutisha kwa sababu hakuna anayeishika kwa mkono. Mkopaji wa Bodi hailipi kwa mkupuo, anakatwa. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kiwango kilichopandishwa kutoka asilimia 8 kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Tuseme mhandisi kijana ameanza na mshahara wa msingi wa shilingi 1,000,000. Anakatwa 150,000 kwa mwezi. Gawanya 17,452,800 kwa 150,000. Unapata miezi 116 na kidogo, yaani karibu miaka tisa na miezi minane. Mshahara ukipanda, makato yanapanda nao na muda unapungua.

Hiyo ndiyo namba ya kumtajia mjomba. Mtu yeyote aliyewahi kununua shamba kidogo kidogo anaielewa.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo vijana wa leo wanalichukulia kama lilikuwepo tangu zamani. Kabla ya Julai 2021 deni hili lilikuwa linakua. Bodi ilikuwa inatoza asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Ichukue hesabu yetu ileile: asilimia 6 ya 17,280,000 ni 1,036,800 kwa mwaka, sawa na 86,400 kwa mwezi. Katika ile 150,000 uliyokatwa, ni 63,600 tu iliyokuwa inapunguza deni lenyewe. Kwa makato ya zamani ya asilimia 8, yaani 80,000, ungekatwa kila mwezi na deni bado lingezidi kuongezeka. Watu wamelipa miaka, wakaomba taarifa ya deni, wakakuta wanadaiwa zaidi ya walichokopa. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo siku ya Mei Mosi 2021 kule Mwanza. Nadhani hakuna uamuzi wa karibuni uliompunguzia mhitimu mzigo kuliko huo, na kaka au dada yako aliyesoma zamani akikuonya kuhusu Bodi kwa sauti ya uchungu, msikilize kwa heshima, ana sababu. Kisha mwambie hesabu imebadilika.

Tatu, isome salari slipu kabla hujaipata

Wahitimu wengi huiona salari slipu kwa mara ya kwanza siku ya mshahara wa kwanza, wakiwa wameshaahidi. Wameahidi kuezeka nyumba ya bibi, kumlipia ada mdogo wao, na kumnunulia baba redio. Wewe isome leo.

Mshahara wa msingi 1,000,000, mwajiri ni serikali. Mfuko wa pensheni unachukua asilimia 5: 50,000. Bima ya afya, asilimia 3: 30,000. Kodi ya mshahara inakokotolewa baada ya kutoa pensheni, yaani kwenye 950,000. Kwa viwango vinavyotumika inakuwa 115,500. Bodi, 150,000. Umebaki na 654,500. Hapo hujapanga chumba, hujala, hujapanda basi, na chama cha wafanyakazi bado hakijagusa kitu.

Laki sita na nusu si haba. Ni fedha ya kuishi kwa heshima Manyoni, na ya kuishi kwa hesabu kali Dar es Salaam. Lakini si milioni, na mtaani kwenu watajua milioni. Kwa hiyo jizoeze tangu chuo kutaja kinachoingia mfukoni. Akikuuliza shangazi unalipwa shingapi, mjibu, "Shangazi, inabaki laki sita na nusu." Atakuonea huruma, na huruma ya shangazi ni akiba.

Kagua pia kama yanayokatwa yanafika. Mwajiri anakata asilimia 15 kwenye mshahara wako, lakini deni linapungua pale tu fedha inapoingia Bodi. Omba taarifa ya deni lako mara kwa mara na uilinganishe na salari slipu zako. Ukikuta pengo, anza kuuliza wiki hiyohiyo, usisubiri mwaka uishe.

Nne, yaandike madeni yasiyo na namba ya malipo

Deni la Bodi lina kumbukumbu namba ya malipo, lina mwanzo na mwisho. Siku likiisha unapewa uthibitisho. Kuna deni jingine ambalo halimo kwenye mfumo wowote, na kwa uzoefu wangu wa kuishi na wahitimu, ndilo linalokaa muda mrefu zaidi.

Dume aliyeuzwa ili upate nauli, godoro na ile pesa ya kujikimu kabla bumu la kwanza halijaingia. Mchango wa jumuiya kanisani. Laki moja ya mjomba wa Saranda aliyesema, "Hii si deni, mwanangu, nenda kasome," akamaanisha kabisa, na bado atakukumbusha kwenye msiba wa kwanza mtakaokutana. Dada yako aliyeacha kwenda sekondari ya mbali kwa sababu zamu ilikuwa yako. Yaandike yote kwenye daftari lilelile, ukurasa wa pili, kwa majina na kwa kiasi.

Sisemi uyaandike ili uyakwepe. Yaandike ili uyalipe kwa mpango. Kijana asiyeyaandika hulipa kwa yeyote anayepiga simu ya mwisho kabla ya tarehe 25, na yule dada asiyepiga simu hapati kitu. Nimeona familia zikivunjika kwa hilo, na hakuna aliyekuwa mchoyo. Hakukuwa na orodha tu. Kaa na mama yako kabla hujaondoka, muulize nani alitoa nini. Anakumbuka mpaka debe la mtama.

Na kama matokeo yako ni ya juu kabisa katika masomo ya sayansi, fuatilia Samia Scholarship, iliyoanza 2022/23. Hiyo ni ufadhili na hairejeshwi. Dume anabaki zizini.

Tano, pambana na hesabu ambayo hakuna anayeitaja

Sasa tufike kwenye kiini. Kila mtu analinganisha digrii na kukaa bure. Mlinganyo huo ni rahisi mno, digrii inashinda. Linganisha digrii na mwenzako mliyemaliza naye kidato cha nne, yeye akaenda kusoma diploma ya mitambo, tuseme Chuo cha Ufundi Arusha au DIT.

Diploma yake ni miaka mitatu. Njia yako ni miaka miwili ya kidato cha tano na sita, kisha minne ya chuo: sita. Ana miaka mitatu ya kufanya kazi wewe ukiwa darasani. Tuseme analipwa 500,000 kwa mwezi. Miezi 36 inampa 18,000,000, na kodi sijaigusa kwenye ulinganisho huu wote, kwako wala kwake. Siku unayovaa joho ukiwa na deni la milioni 17 na ushee, mwenzako ameshapokea milioni 18.

Endelea. Wewe unaanza kazi kwa 1,000,000, yeye amepanda hadi 700,000. Unamzidi laki tatu, ila Bodi inachukua laki moja na nusu, kwa hiyo unamzidi laki moja na nusu tu. Ili uzifikie zile milioni 18 zake unahitaji takriban miaka kumi, karibu sawasawa na muda wa kumaliza deni. Una umri wa miaka 34 au 35. Kuanzia hapo unamwacha kwa laki tatu kila mwezi hadi kustaafu, na ukiwa umesajiliwa kama mhandisi mtaalamu, kwa zaidi ya hapo. Digrii imeshinda, ila kwa subira.

Mpaka hapo nimedhani kwamba umepata kazi mwezi uliohitimu. Badilisha sharti hilo moja. Tuseme umekaa miaka miwili ukituma maombi. Mwenzako ameingiza 16,800,000 nyingine. Pengo limefika 34,800,000. Miaka ile karibu kumi ya kukatwa inafuta nusu yake, na nusu iliyobaki inataka miezi mingine 58. Unamfikia miaka 16 na nusu baada ya kuhitimu, arobaini imeshagonga mlango.

Itazame tena hesabu hiyo. Deni halikubadilika hata senti. Miaka miwili ya kungoja ndiyo iliyosogeza ushindi kutoka umri wa miaka 34 hadi 40. Tunawatisha vijana kwa mkopo, na mkopo wa Bodi wa leo unavumilika. Kinachomla mhitimu ni kungoja.

Na kungoja kwenyewe kuna umati. Juni 2014, zaidi ya vijana 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kusailiwa na Idara ya Uhamiaji kwa nafasi 70. Wengi wao walikuwa na vyeti vizuri tu. Anayepanga maisha yake kwa kutegemea usaili wa aina hiyo peke yake ajue anasimama kwenye foleni gani.

Sita, anza kazi kabla ya kuhitimu

Kwa hiyo ushauri wote uliobaki unalenga kitu kimoja: kufupisha kungoja.

Mafunzo kwa vitendo ndiyo silaha uliyopewa na Bodi, na 10,000 kwa siku juu yake. Wanafunzi wengi wanaitupa. Wanatafuta ofisi ya ndugu mjini, wanasainiwa kitabu cha kumbukumbu, wanakunywa chai wiki nane. Ukifanya hivyo, umekopa 560,000 kununua chai.

Wewe rudi nyumbani. Singida ni mkoa wa alizeti, na alizeti ni mashine. Nenda Manyoni au Singida mjini msimu wa mavuno, ukaombe nafasi kwenye kinu cha kukamulia, kidogo au kikubwa. Msalimie fundi vizuri. Atakuitikia, "Marahaba, injinia," na wenzake watacheka, kwa sababu anajua hujui kitu. Kaa. Tazama mbegu zinavyoingia zikiwa na mchanga wa shambani, na mchanga huo unavyoilisha mashine hasara: ile shafti yenye meno ya kuzungusha na kubana mbegu inalika, nafasi kati yake na vyuma vya ukutani inapanuka, mgandamizo unashuka. Mafuta yanaanza kutoka membamba. Chukua mashudu yanayotoka upande wa pili, yakiwa bado ya moto, uyafinye kiganjani. Yakiacha kiganja kinang'aa, mafuta ya mwenye kinu yanakwenda kulisha kuku.

Fundi anajua dawa. Atazima mashine, atoe shafti, aongeze chuma kwa kuchomelea pale palipolika, asage kwa grainda hadi meno yarudi. Anafanya hivyo kwa macho na kwa mkono, na anaweza kukuzidi kwa miaka 20. Kisha atakuuliza swali lenye ajira yako ndani yake: "Haya injinia, bosi anataka kujua tunapoteza kiasi gani kwa siku kabla hajanunua shafti mpya. Mimi najua kuchomelea. Wewe piga hesabu."

Piga. Tuseme tani moja ya mbegu inatoa mashudu kilo 650, na yametoka na mafuta asilimia 5 zaidi ya inavyotakiwa. Hizo ni kilo 32 na nusu za mafuta kwa kila tani. Zidisha kwa tani za siku, zidisha kwa bei ya mafuta sokoni wiki hiyo, linganisha na bei ya shafti. Mwandikie mwenye kinu ukurasa mmoja kwa Kiswahili kinachosomeka. Mtu huyo hatakusahau. Miaka miwili baadaye, akinunua kinu cha pili, jina lako liko kichwani mwake, na hukusimama kwenye foleni ya uwanja.

Mwaka unaofuata nenda penye mitambo mikubwa. Mgodi wa dhahabu wa Shanta kule Mang'onyi, Ikungi, ulianza kuzalisha 2023. Kusaga mwamba na kusukuma tope ni kazi ya watu wa mitambo usiku na mchana. Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, ina kipande cha Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, ambacho mkataba wake ulisainiwa Desemba 2021, na kinapita wilayani kwenu. Reli ya Wajerumani iliyofika Tabora 1912 ilipitia Saranda na kupanda hadi Manyoni, na Kilimatinde, iliyokuwa na boma, ikabaki pembeni kutazama. Safari hii kijana wa Kilimatinde awe ndani ya karakana. Usizidharau pia taasisi zisizo na jina la kutamba: TEMESA wanaotengeneza magari na vivuko vya serikali, RUWASA wenye pampu za visima vijijini, SIDO na TEMDO wanaobuni mashine ndogo. Hata hospitali ya misheni hapohapo Kilimatinde haiendi bila jenereta, pampu ya maji na mtambo wa kuchemshia vifaa. Mashine zimekuzunguka. Zihesabu.

Ukishahitimu, jisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, na uombe kuingia kwenye mpango wao wa mafunzo ya vitendo wa miaka mitatu, SEAP, ulioanza 2003. Posho yake haitamfurahisha shangazi. Lakini inakufikisha kwenye usajili wa mhandisi mtaalamu, na bila usajili huo kazi zako zitabaki kusainiwa na watu wengine.

Saba, mambo ya kukataa

Kataa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa. Wanajua tarehe ya mshahara wako kuliko wewe, na deni lao kwa mwezi mmoja linakua kuliko deni la Bodi kwa miaka kumi. Kijana anayekatwa 150,000 na Bodi akaenda kukopa 300,000 kwao ili aezeke nyumba ya bibi kwa haraka, bibi atalala pakavu na kijana atalala macho. Bibi anaweza kungoja mwezi wa pili. Muulize tu, atakwambia amengoja mangapi.

Kataa pia mawazo kwamba diploma ni ya walioshindwa. Tangu 2023/24 Bodi inakopesha hata wanafunzi wa diploma katika fani za kipaumbele, na baadhi ya fani za uhandisi zimo. Kama nyumbani kuna wadogo watano na baba hana nguvu tena, kazi miaka mitatu mapema inaweza kuwa uamuzi wa busara kuliko wote, na digrii ikafuata baadaye kwa fedha yako mwenyewe. Anayefanya hivyo apongezwe kwa ngoma ileile.

Kwa watunga sheria nina ombi moja, na nalitoa kwa moyo wote. Uingereza mhitimu halipi kitu hadi kipato chake kivuke kiwango fulani, kisha analipa asilimia 9 ya kile kinachozidi. Kwetu asilimia 15 inaanzia kwenye shilingi ya kwanza ya mshahara wa msingi. Mei Mosi 2025, hapo hapo Singida mjini, kima cha chini cha mshahara wa serikali kilitangazwa kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000. Basi tungekuwa na kima cha chini cha kukatwa pia. Na kijana aliyejiajiri, ambaye sheria inamtaka alipe 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato chake, apewe miaka miwili ya mwanzo ya kupumua. Anayefungua karakana Manyoni na kuajiri vijana wawili anailipa nchi kwa njia nyingine, na laki moja kila mwezi katika mwaka wa kwanza inaweza kuifunga karakana hiyo. Kenya wanatoza riba ya asilimia 4 kwenye mikopo ya HELB, bodi yao ya mikopo ya wanafunzi. Sisi tumeondoa ongezeko la kila mwaka, tumewazidi kwa hilo. Tumalizie kazi.

Uamuzi wangu, basi. Kopa. Mkopo wa milioni 17 usiokua, kwa taaluma ambayo mkoa wako unaihitaji kwenye kila kinu na kila kisima, ni mkopo wa kukopwa, kwa sharti kwamba hutamaliza chuo bila kuwa na watu watatu wenye mashine wanaokujua kwa kazi yako. Bila sharti hilo, nenda diploma, uanze kazi mapema.

Wajomba, mmevumilia mpaka mwisho, asanteni. Kazi yenu kwenye kikao ni moja. Msimuulize kijana atalipwa shingapi. Kila mmoja aje na jina la mtu mmoja anayemjua mwenye kinu, karakana, gereji au pampu, na aahidi kumpigia simu kabla ya likizo ya kwanza. Na cheti cha kuzaliwa kipelekwe kuhakikiwa RITA wiki hii, kabla dirisha la maombi ya mkopo halijafungwa.